Njia Isiyo na Magari: Siku Mbili kwa Baiskeli katika Bonde la Vinschgau

Daktari alipomwagiza dada yetu mkubwa atembee nusu saa kila siku, dada alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza: "Nitembee wapi, daktari?" Hakuwa akifanya mzaha. Barabara ipitayo mbele ya nyumba yake haina kando ya waendao kwa miguu. Tuktuk hupanda hadi kizingitini, bodaboda hutokea upande wowote upendao, na mwanamke aliyevaa buibui jeusi baada ya Magharibi haonekani na dereva hata akiwa hatua tano mbele ya taa. Dada alikuwa na umri wa miaka 51. Sukari yake ilikuwa juu kwa mwaka wa pili mfululizo, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua kila apandapo ngazi.

"Basi baiskeli," daktari akasema. "Goti halibebi uzito wote wa mwili kwenye baiskeli kama linavyoubeba katika kutembea."

Dada alicheka hata akajifuta machozi. Alipotuhadithia jioni ile sebuleni, sote tulicheka naye. Lakini kicheko kilipokwisha, palibaki kimya ambacho kila mmoja wetu alikijua sababu yake.

Sisi sote tulijua kuendesha baiskeli tulipokuwa wadogo. Ami yetu alikuwa na baiskeli nzito ya chuma yenye keria nyuma, nasi tuliikodi kwake kwa kumchotea maji. Tuliizungusha uani na vichochoroni, tukaanguka, tukachubuka, tukainuka. Kisha kila mmoja wetu alipofikia miaka 12 au 13 akaambiwa ashuke. Hakuna aliyetusomea hukumu yoyote ya dini; marehemu bibi alisema tu, "Umekuwa mtu mzima sasa," na jambo likaisha. Hatukubishana. Hayo yalikuwa malezi, na waliotulea walitupenda. Ila tulipokuwa tukicheka jioni ile, binti yetu wa miaka 12 alikuwa ameketi nasi akisikiliza, na baiskeli yake ilikuwa imetundikwa ukutani tangu mwezi wa Shaabani.

Ndiyo sababu tunaandika makala haya. Si kwa ajili ya kumsifia mtu nchi ya watu, wala kumwambia msomaji auze dhahabu yake apande ndege. Tunaandika kwa kuwa tuliona huko kitu kidogo ambacho kinaweza kueleweka na kila mama: njia ambayo mtoto anaweza kuiendea bila mzazi kushika moyo mkononi.

Bonde lenyewe

Mdogo wetu ameolewa na anaishi Innsbruck, mji wa Austria ulio katikati ya Milima ya Alpi. Mwaka huo alitualika tukae naye mwezi wa Julai. Shemeji yetu, mumewe, ndiye aliyetoa shauri. Alisema kuna bonde ng'ambo ya mpaka, upande wa Italia, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, ambako mtu anaweza kuteremka kwa baiskeli siku nzima na karibu asikutane na gari. Kwa Kijerumani bonde hilo huitwa Vinschgau, na kwa Kiitaliano Val Venosta. Majina ni mawili kwa sababu nchi hiyo, Tirol ya Kusini, ilikuwa ya dola ya Austria hadi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilipowekwa chini ya Italia. Wengi wa wenyeji wangali wanazungumza Kijerumani, na kila kibao cha njiani huandikwa kwa lugha zote mbili.

Bonde linaanzia kwenye njia ya mlimani iitwayo Reschen, iliyo mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuteremka hadi mji wa Meran ulio kwenye mita 325 tu. Baina ya hapo na hapo ni kilomita 80 hivi. Njia ya baiskeli huufuata mto Etsch, ambao Waitaliano huuita Adige. Mto huo huzaliwa karibu na Reschen, nao ni wa pili kwa urefu katika Italia yote baada ya Po. Hupita Trento na Verona kabla ya kumwaga maji yake katika bahari ya Adria.

Watu wamepita bondeni humo tangu kale. Warumi walijenga humo barabara yao iliyovuka Alpi, Via Claudia Augusta, iliyokamilishwa katika zama za mfalme Klaudio, karne ya kwanza ya Miladia. Njia ya baiskeli ya leo huitumia jina hilohilo, na kwa sehemu kubwa hufuata mwelekeo uleule.

Tulikuwa watu sita: sisi madada watatu, shemeji, mtoto wao wa kiume wa miaka 9, na binti yetu. Kwa muda wa jioni tatu kabla ya safari, dada mkubwa alijizoeza katika uwanja mtupu karibu na nyumba ya mdogo wetu. Alianguka mara moja. Aliinuka, akakung'uta nguo, akasema, "Msimwambie mtu." Tumepata idhini yake kuandika.

Mnara ndani ya maji

Tulianzia kwenye ziwa la Reschen asubuhi yenye baridi ambayo binti yetu aliifananisha na kufungua friji na kuingia ndani. Kabla ya kupanda baiskeli tulisimama ufukoni, kwani hapo pana jambo ambalo hapana apitaye bila kulitazama. Katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa, peke yake, bila kanisa. Ni mnara wa karne ya 14. Kanisa lenyewe, na kijiji kizima cha Graun kilichokuwa kikilizunguka, viko chini ya ziwa.

Shemeji alitueleza kisa chake. Hapo zamani palikuwa na maziwa madogo ya asili. Kampuni ya umeme ikataka kujenga bwawa, na mpango wa kuinua maji kwa mita 22 ukatangazwa kwa Kiitaliano, katika bonde ambalo wakulima wake walisoma na kuzungumza Kijerumani. Walipofahamu maana yake, mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Vita vilichelewesha kazi, lakini mwaka 1950 maji yalipandishwa. Nyumba 163 zilizama, pamoja na hekta 523 za mashamba na malisho. Waliobaki walijengewa kijiji kipya juu kidogo ya ukingo. Wengine walihama bonde.

Dada mkubwa aliutazama mnara ule kwa muda mrefu. "Tangazo lilibandikwa," akasema, "lakini si kwa lugha yao." Kisha akavaa kofia yake ngumu, akafunga ukanda chini ya kidevu, na tukaondoka.

Njia yapita kando ya ziwa, kwenye lami nyembamba isiyozidi upana wa chumba kidogo. Upande mmoja maji, upande mwingine majani ya malisho yaliyokatwa karibuni, yenye harufu kama ya mkeka mpya. Mbele yetu, mbali, mlima wa Ortler ulikuwa umevaa barafu yake. Una mita 3,905, nao ndio mrefu kuliko yote ya Tirol ya Kusini. Kwa saa nzima hatukusikia injini. Tulisikia kengele za shingoni mwa ng'ombe, mnyororo wa baiskeli, na sauti ya dada mkubwa akijisemea breki, breki, breki.

Mteremko

Haifai kuficha kwamba sehemu ya kwanza baada ya maziwa ni ya mteremko mkali. Toka kijiji cha St. Valentin hadi Burgeis njia hushuka zaidi ya mita 200 katika mwendo mfupi, ikipinda huku na huku kati ya mashamba. Watoto waliiona ni sikukuu. Dada mkubwa alifika kwenye ncha yake, akatazama chini, akashuka.

"Mimi sina nia ya kufa Ulaya," akasema.

Hakuna aliyemcheka wala kumhimiza. Mdogo wetu alishuka naye, wakazikokota baiskeli zao kwa miguu, wakizungumza mambo ya nyumbani, huku sisi tukiwangojea chini penye kivuli. Walichukua dakika 40. Wapanda baiskeli wengi waliwapita. Wazee, mama wenye watoto katika vigari vya kuvutwa nyuma, vijana waliovaa nguo za kubana za mashindano. Kila mmoja aliwaamkia. Hapo tuliona sifa ya kwanza ya njia hii: mtu akitaka kwenda polepole, hapana gari nyuma yake linalompigia honi. Woga wa dada haukumhatarisha, wala haukumchelewesha mtu.

Shemeji alikuwa amepanga jambo la pili. Kilomita chache mbele ni Mals, na Mals pana stesheni ya treni. Reli ya bonde hili ilijengwa mwaka 1906, kutoka Meran hadi Mals, kilomita 60. Mwaka 1990 ilifungwa, ikaachwa ikaota majani. Lakini wenyeji hawakuridhika, na mwaka 2005 ilifunguliwa upya. Sasa treni hupita sambamba na njia ya baiskeli karibu bonde zima. Aliyechoka, aliyeumia, au ambaye mtoto wake amekataa katakata, hutafuta stesheni iliyo karibu na kumaliza safari akiwa ameketi. Baadhi ya stesheni zina maduka ya kukodisha baiskeli, na unaweza kuichukua hapa ukairudisha kwingine.

Tulifika Mals saa sita na nusu mchana. Treni ilikuwa imesimama. Shemeji akasema kwa adabu, "Dada, ukipenda, mimi nitakwenda nawe kwa treni mpaka Schlanders, na hawa watatukuta huko." Dada aliitazama treni. Akatazama njia iliyokuwa mbele, ambayo toka hapo hulainika na kuingia mashambani. Akauliza, "Na nikichoka baadaye?" Shemeji akajibu kwamba kuna stesheni nyingine mbele, na nyingine baada ya hiyo. "Basi iache iende," dada akasema.

Tunaamini kwamba lau treni isingekuwapo, angekataa safari tangu Innsbruck. Aliweza kuendelea kwa kuwa alijua anaweza kuacha.

Ukuta, mkate na maji

Chini ya Mals ni Glurns, mji wenye watu wapatao 900 tu, na bado una ukuta kamili kuuzunguka na malango matatu. Ulichomwa katika vita vya mwaka 1499, ukajengwa tena na kuzungushiwa ukuta huo katika karne ya 16. Tuliingia kwa lango moja tukatoka kwa lingine, na mtoto wa miaka 9 akataka kujua kama ni mdogo kuliko Mji wa Kale wa Mombasa. Tulimwambia ni mdogo sana, na kwamba vichochoro vyake vingemfaa bibi yake.

Hapo tulinunua mkate wa bondeni humo. Hupikwa kwa pacha, maandazi mawili ya bapa yaliyoshikamana, kwa unga mweusi wa nafaka iliyo jamaa ya ngano, nao hutiwa shamari na jani fulani la kienyeji. Mdogo wetu aliumega, akanusa, akasema, "Uwatu!" Kwa hakika jani hilo ni ndugu wa uwatu wetu, lenye maua ya samawati. Tulikula na jibini na mishmishi mbichi, kwani Julai ndio msimu wake huko. Msomaji atakayefika azingatie: nyama ya kukaushwa iliyo fahari ya watu wa huko ni ya nguruwe, nayo hutiwa hata katika tonge za mkate zinazouzwa kama chakula cha kawaida. Uliza kabla ya kula. Sisi tuliuliza kila mara, na kila mara tulijibiwa kwa upole.

Swala haikutupa taabu. Katika majira hayo jua huchwa karibu saa tatu za usiku, kwa hiyo mchana ni mrefu kuliko haja. Tulitawadha kwa maji ya bomba za vijijini, ambayo hutiririka usiku na mchana kwenye mahodhi ya mawe, baridi ya kuuma vidole. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwenye nyasi chini ya miti, kwa hukumu ya msafiri. Binti yetu aligeukia kaskazini kwa mazoea, maana kwetu Mombasa kibla ni kaskazini. Tulimgeuza. Huko kibla ni kusini-mashariki, na alishangaa kwamba Makka iko upande ule ule iliko Mombasa.

Jambo lililotugusa zaidi ya milima ni maji. Vinschgau ni miongoni mwa mabonde makavu mno ya Alpi. Mvua yake ni milimita 500 hivi kwa mwaka, kama nusu ya ile ya Mombasa. Kwa hiyo tangu karne nyingi wakulima wamechimba mifereji myembamba kandokando ya mlima, ikileta maji ya theluji hadi mashambani. Huiita Waale. Kila shamba lina zamu yake, kwa siku na kwa saa. Wale kati yetu wenye jamaa Oman walitambua mara moja kwamba hiyo ni falaji, kwa namna nyingine na chini ya anga lingine: maji yasiyo ya mtu mmoja, yanayogawanywa kwa wakati.

Mfereji huwa na mlinzi. Naye, kwa kuwa hawezi kuwa kila mahali, huweka gurudumu dogo la mbao ndani ya maji, lenye nyundo inayogonga kengele kila linapozunguka. Akiwa mbali huisikia ikilia, na kazi yake yaendelea. Kengele ikinyamaza, hujua maji yameziba mahali, naye hupanda kwenda kutazama.

Binti yetu aliuliza: "Kwa hiyo yeye anasikiliza kimya?" Tukamwambia ndiyo.

Siku ya pili

Tulilala Schlanders. Dada alipima sukari yake usiku na asubuhi, kama alivyoagizwa, na alibeba tende na maji ya matunda mfukoni mwa mkoba. Tunalisisitiza hili kwa wasomaji wenye kisukari: zoezi huishusha sukari, na kwa atumiaye insulini au baadhi ya vidonge huweza kuishusha kupita kiasi. Mtu amwone daktari wake kwanza, asiende peke yake, aangalie miguu yake jioni kama ina malengelenge, na awe na kitu kitamu karibu.

Toka Schlanders hadi Meran ni kilomita 35 hivi, na karibu zote ni kati ya mashamba ya matofaa. Tirol ya Kusini yote pamoja hutoa karibu moja ya kumi ya matofaa ya nchi za Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo tulipoelewa maana yake. Miti imepangwa safu kwa safu, mifupi, kiasi cha mtu kuchuma akiwa amesimama. Njia hii haikukosa vyombo kabisa; trekta za wakulima hupita humo, na pahali kadhaa hukatiza barabara ya kijiji. Lakini dereva wa trekta hupunguza mwendo akamwacha mtoto apite, kwa kuwa anajua kwamba hiyo ni njia ya mtoto.

Siku hiyo dada mkubwa aliongoza. Hakuwa na kasi, ila hakusimama. Tuliomfuata tuliona mgongo wake umenyooka na skafu yake imetulia chini ya kofia, na mmoja wetu akasema kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akionekana uani kwa ami, akiwa na miaka 11. Hakusikia. Binti yetu alisikia.

Walipokuwa wakipumzika chini ya mwembamba wa kivuli cha mtofaa, binti alimsogelea. "Mama mkubwa," akasema, "wewe walikushusha ukiwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Kama mimi."

"Kama wewe."

"Na ulikuwa ukitaka kushuka?"

Dada hakujibu upesi. Hatimaye akasema, "Hakuna aliyeniuliza, mwanangu. Nami sikujua kuwa naweza kusema." Akaongeza, kwa kuwa ni mtu wa haki: "Lakini usimlaumu bibi. Yeye aliogopa njia, akaona ni rahisi kukuzuia wewe kuliko kuizuia njia."

Karibu na Töll bonde hujifunga, mto hushuka kwa kelele, na njia huteremka kwa kona za ghafla kuelekea Meran. Tulimwuliza dada kama atashuka kwa miguu. Alishika breki zote mbili, akaenda kona kwa kona, ameuma mdomo, na alipofika chini mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Tulirudi kwa treni jioni ile, tukaliangalia bonde lote kwa nyuma, kituo baada ya kituo, naye akawa analala kidogo, anaamka, anauliza, "Hapa pia tulipita?"

Mavazi na vyombo

Wasomaji wetu wengi watauliza juu ya stara, na ni swali la haki. Tuliyojifunza ni haya. Chagua baiskeli isiyo na mtarimbo wa juu, ili upande na kushuka bila kuinua nguo. Hakikisha mnyororo umefunikwa. Nguo ndefu ikiingia mnyororoni ndiyo ajali ya kwanza. Vaa suruali pana chini, na juu yake kanzu nyepesi inayoishia chini ya goti, iliyo na mpasuo ulioshonewa kitambaa ndani. Chini ya kofia ngumu vaa skafu ya pamba nyembamba iliyofungwa nyuma, bila pini wala fundo juu ya kichwa, maana kofia lazima ikae sawa. Vaa rangi za kuonekana. Tulipita siku mbili hivyo miongoni mwa watu wa kila aina, na aliyetutazama alitutazama kwa sababu dada alikuwa akijisemea na breki zake.

Kuna pia jambo la siku moja tu, ambalo tuliambiwa nalo tukalipenda. Toka Prad, pembezoni mwa bonde hilohilo, hupanda barabara ya Stilfser Joch, iliyofunguliwa mwaka 1825 na kufika zaidi ya mita 2,750, kwa kona 48. Kila mwaka, mwishoni mwa majira ya joto, barabara hiyo hufungiwa magari siku moja, ikaachiwa baiskeli. Hawakujenga kitu kipya. Walifunga lango kwa saa chache.

Tuliporudi

Tulirudi Mombasa mwishoni mwa Julai, na siku ya kwanza tu tuktuk ilimkwangua dada kiwiko akitoka dukani. Hatukurudi kwenye njia mpya. Tulirudi kwenye ileile.

Hata hivyo tulikaa kitako kama familia, pamoja na baba wa binti, na kuyaweka mambo mawili mbali mbali. La kwanza ni hofu ya njia, ambayo ni ya kweli na ina haki. La pili ni mazoea ya kumshusha msichana akifikia umri fulani. Tuligundua kwamba kwa miaka mingi tumeyachanganya, tukaliita la kwanza kwa jina la pili. Mtoto anayezuiwa kwa sababu ya magari aambiwe kwamba ni magari, asije akadhani kosa ni mwili wake.

Baba yake aliishusha baiskeli ukutani, akatia pumzi magurudumu. Ana ruhusa ndani ya ua wa mtaa, ambao una lango, kila siku baada ya Alasiri. Siku za Jumapili, baada ya swala ya Alfajiri, kabla ya mji kuamka, yeye na mama yake mkubwa hutoka pamoja, baba akiwafuata nyuma, hadi ufukoni na kurudi. Kuna mama wawili jirani waliouliza baiskeli ile isiyo na mtarimbo inauzwa wapi.

La pili ni kubwa zaidi, na ni letu sote. Bonde lile halikuzaliwa na njia yake. Palikuwa na reli iliyokufa, na watu wakasema waitaka. Kwetu, Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya kutoa maoni kabla ya kaunti kupitisha bajeti. Vikao hivyo hutangazwa, aghalabu gazetini na kwa Kiingereza, na aghalabu wanaokwenda ni wanaume. Tulikumbuka tangazo la Graun. Tumekubaliana kwamba mara hii, tangazo litakapotoka, mmoja wetu atalisoma kwa sauti katika darasa la akina mama la Alhamisi, kwa Kiswahili, na wanaotaka watakwenda pamoja. Ombi letu ni dogo: njia moja ya kando, yenye ukingo ambao gari haliwezi kuupanda, toka mtaani hadi shule, na barabara moja ya ufuko ifungiwe magari Jumapili asubuhi, kwa saa tatu tu. Mji mkongwe wa Lamu ulikua na kustawi kwa karne nyingi kwa miguu na kwa punda. Kwa hiyo si jambo geni kwetu, tumelisahau tu.

Dada alirudi kwa daktari mwezi wa Septemba. Sukari yake haijawa ya kusherehekewa, lakini imeteremka, na goti halimsumbui kama kwanza. Daktari alimwuliza amefanya nini. Akamweleza juu ya mteremko, juu ya treni aliyoiacha iende, na juu ya kengele ndani ya maji.

"Sasa unaendesha wapi?" daktari akauliza.

"Mtaani, na binti yetu," dada akajibu. "Mpaka mtakapotupa njia."